Mukami wa Jukwaani

Gari la wageni kutoka Embu lilikuwa limeshaegeshwa kando ya shamba la viazi, na Kaari alikuwa bado amesimama jikoni bila viatu, simu mkononi, akiitazama picha moja.

"Umekufa?" Maxine aliuliza. Maxine alikuwa binti wa shangazi yake, na alikuja asubuhi hiyo kutoka Meru mjini kumsuka nywele. "Watu wako wameketi. Baba yako ameshaomba. Kaka yako Misheck amewapa viti na uso wa polisi. Wewe uko hapa na simu."

"Kuja uone kitu."

"Kama ni Gichovi amekutumia maua, sitaki kuona."

"Si Gichovi. Ni Mukami."

Maxine alifuta mikono kwenye leso, akainama. Kwenye kioo cha simu palikuwa na jani la kiazi, limelazwa vizuri karibu na dirisha, madoa yake ya kahawia yakionekana wazi. Chini ya picha, mtu aitwaye Mukami alikuwa ameandika swali, akieleza kiazi ni cha aina gani, kimepandwa lini, amepulizia dawa gani, mvua imekuwaje, na ni jambo gani hasa analotaka kujua. Lilikuwa swali la adabu, kama maswali yote ya Mukami.

"Naona jani," Maxine alisema.

"Wacha jani. Angalia chini ya jani."

Chini ya jani palikuwa na kitambaa cheupe cha meza. Kwenye pembe yake alishonwa ndege wa manjano mwenye bawa moja, kwa sababu uzi ulikwisha na Kaari hakupata mwingine wa rangi ile katika maduka yote ya Kibirichia. Kitambaa kile alikishona kwa mikono yake. Alimpa Gichovi wakati wa Pasaka, akitandike katika nyumba yake ya kupanga mtaani Dallas, kule Embu mjini.

Maxine aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Huyu Mukami ako kwa nyumba ya Gichovi," alisema mwishowe.

"Ndivyo ninavyoona."

"Na picha ni ya lini?"

"Ya jana mchana."

"Ai, Murungu! Jana yuko na huyu, leo analeta wazee kwa huyu?"

Kaari aliichukua tena simu. Alikuwa akimkumbuka Mukami tangu mwanzo, kila neno lake, akilipima upya.

Jukwaa la Wakuza Mbegu lilikuwa mahali pa watu wa kazi, mtandaoni: wakulima wa mbegu za viazi, maafisa wa kilimo, wauza dawa, walimu wa vyuo. Kaari alijiunga nalo alipoanza masomo ya jioni ya kilimo, mwanamke mzima katikati ya wanafunzi waliomwita auntie. Swali lake la kwanza aliliandika akilia. "Viazi vyangu vinakauka. Nisaidieni haraka." Aliliweka sehemu tatu tofauti za jukwaa, asijue kwamba kufanya hivyo ni kama kubisha milango ya majirani wote kwa wakati mmoja.

Jibu lilitoka kwa msimamizi, mtu aliyeitwa Gichovi. "Kiazi gani? Shamba lilikuwa na nini msimu uliopita? Umekata shina ukalitia kwenye glasi ya maji safi uone kama litatoa nyuzi nyeupe za ugonjwa wa mnyauko? Umejaribu nini kabla ya kuja kwetu? Dada, mtu haendi hospitalini akasema 'naumwa' kisha akafunga mdomo. Uliza upya, mahali pamoja."

Kaari alizima simu. Hakuuliza tena kwa muda mrefu, na aibu ilimkaa kama moshi kwenye nguo.

Kisha akatokea Mukami. "Samahani, mimi ni mgeni katika kazi hii," ndivyo alivyoanza. Aliuliza mambo ambayo Kaari alikuwa akiona haya kuyauliza. Alieleza alichokiona na alichokijaribu, akaweka picha, akashukuru hata walioshindwa kumsaidia, na baada ya siku kadhaa akarudi kusema dawa ipi ilifaa na ipi haikufaa, ili atakayepatwa na shida hiyo baadaye asianzie gizani. Naye Gichovi, yule mkali, alimjibu kwa upole. Kaari alijifunza kuuliza kwa kumtazama Mukami, kama mtoto anavyojifunza kupiga magoti kwa kumtazama mama yake. Hata alimwombea. Kila Jumapili alimtaja kwa jina mbele za Mungu.

Alipoanza kuuliza vizuri, Gichovi naye alianza kumjibu vizuri. Majibu yakazaa simu, simu zikazaa safari za Embu, na safari zikalileta gari lile lililokuwa nje. Hata hivyo, habari za kazi Gichovi hakuwahi kumjibu faraghani. "Swali la kazi liulize mbele ya watu," alimwambia kila mara, "na wengine wapone." Kwa neno hilo Kaari alimwamini. Aliwaza: mtu asiyeweza kuficha hata dawa ya ukungu, ataweza kumficha mwanamke?

"Nenda uniitie Gichovi," alimwambia Maxine. "Mwambie nataka kumwonyesha mbegu stooni."

"Na Misheck akiuliza?"

"Mwambie vivyo hivyo."

"Fanya haraka. Baba yako akikuita, hakuna mahali pa kujificha."

Kaari alilijua hilo. Katika ukoo wao, baba hakubali posa kwa niaba ya binti. Wageni huketi, huzungumza habari za mvua na ng'ombe, kisha binti huitwa na kuulizwa mbele ya wote: unawajua watu hawa? Akisema nawajua, huwamiminia uji wa kibuyu, na jambo limekwisha. Akisema siwajui, wageni hunywa chai kama wapita njia, wakarudi walikotoka. Na neno hilo, likishatoka, halirudishwi.

Gichovi aliingia stooni akiinama ili asigonge kichwa. Suti ya kijivu ilimkaa vizuri. Alimtazama Kaari kama alivyozoea kumtazama, polepole, kana kwamba ana siku nzima, na Kaari akachukia jinsi alivyopenda bado kutazamwa hivyo.

"Umependeza," alisema. "Nilidhani nitakuona mbele ya wazee tu."

"Mukami ni nani?"

Tabasamu la Gichovi halikuondoka mara moja. Liliondoka kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

"Mwanachama. Wa jukwaa."

"Hilo najua. Alikuwa mezani kwako jana akifanya nini?"

"Meza gani?"

Alimwonyesha simu. "Gichovi, huyu ndege ana bawa moja. Duniani yuko mmoja tu."

Gichovi aliitazama picha kwa muda. Halafu akafunga macho.

"Nilitafuta kitu cheupe," alisema, "ili jani lionekane vizuri."

"Ulitafuta wewe, au alitafuta yeye?"

"Kaari, nilikuwa nimepanga kukueleza."

"Wanaume wote wa nchi hii wamepanga kueleza. Ni nani huyu mwanamke?"

"Hakuna mwanamke nyumbani kwangu. Mungu ni shahidi."

"Mwache Mungu. Usimwite kwa stoo ya viazi akusaidie kudanganya. Basi jani lilitembea lenyewe, likajilaza kwenye kitambaa changu, likajipiga picha?"

Kivuli kilianguka mlangoni. Alikuwa Misheck, kaka yake mkubwa, mikono nyuma.

"Mbegu zimeonekana?" aliuliza.

"Tunaziangalia," Kaari alisema.

"Mnaziangalia kwa kugombana?" Alimtazama Gichovi kuanzia viatu hadi nywele. "Mimi nilisema huyu ana mke kwingine. Hata ng'ombe tunanunua tukiwa tumemwona meno. Huyu dada yangu amemwokota kwa simu. Baba anauliza mko wapi."

"Tunakuja, kaka," Gichovi alisema.

"Kaka bado," Misheck alisema, akaondoka. Hakwenda mbali, walisikia viatu vyake vikikanyaga changarawe huku na huku.

Gichovi alishusha sauti. "Mukami ni mimi."

Kaari alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ni mimi," alirudia. "Ni jina la nyanya yangu. Ulipouliza swali lako la kwanza nilikujibu vibaya, halafu ukapotea. Nikawa naangalia kila siku kama umerudi. Nikaona si wewe peke yako. Watu walikuja, nikawakaripia, wakaenda. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kuuliza. Nikasema, wacha nimtengeneze mtu anayeuliza vizuri, wamwone, waige. Maswali yenyewe ni ya kweli. Jani lile nilitumiwa na mkulima wa Runyenjes anayeogopa kuandika."

"Sheria ya jukwaa inasema mtu mmoja, jina moja."

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeiandika."

"Mimi ndiye niliyeiandika."

Kaari alishika ukingo wa kreti. Mashaka yake hayakuwa yamepungua. Yalikuwa yakigeuka tu, kama mtu aliyelala anayetafuta upande mwingine wa kulalia. Kisha akakumbuka jambo.

"Nilimwandikia Mukami ujumbe," alisema.

Gichovi aliinamisha kichwa.

"Nilimwandikia peke yake, si mbele ya watu. Kabla hujanipigia simu hata mara moja. Hakunijibu, nikadhani hakuuona." Sauti yake ilikuwa imefifia. "Uliusoma?"

"Niliusoma."

Katika ujumbe ule, Kaari alimwambia Mukami kwamba kuna msimamizi mmoja anayemwogopa na kumtamani kwa pamoja. Kwamba akiliona jina lake husahau alichotaka kuuliza. Kwamba amefunga na kuomba Mungu amwondolee mawazo hayo, kwa kuwa umri umekwenda na hataki kuwa kichekesho.

"Nilimwambia mwanamke mwenzangu," alisema. "Sikukwambia wewe."

"Kaari..."

"Simu ya kwanza uliyonipigia. Nilisema, tazama, mwanamume jasiri, hajui nitamjibu nini na bado amepiga. Kumbe uliingia bomani ukijua mbwa amefungwa!"

"Niliogopa kukuambia."

"Rudi ukae na watu wako. Na usinifuate."

Jikoni, Maxine alimpokea kwa macho makubwa. "Sasa? Mwanamke yuko?"

"Hakuna mwanamke."

"Asante Yesu!"

"Afadhali angekuwako."

"Wee! Usiseme hivyo na kibuyu kiko hapa."

"Mwanamke ningemchukia, yakaisha. Huyu nitamchukiaje, Maxine? Nilikuwa nikimwombea."

Alimwomba ampishe kidogo. Alipiga magoti kando ya gunia la makaa, akiwa na nguo yake mpya, bila kujali. Alianza kumweleza Mungu jinsi alivyodanganywa, akaona kwamba anaeleza vizuri mno, kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu na sasa anatafuta mhuri. Akanyamaza, akaanza tena. "Bwana, nimekuja na hasira, na hasira yangu imekuja na majibu yake tayari. Niondolee hayo majibu. Nipe swali moja lililo safi. Jibu, liwe chungu au tamu, nitalivumilia."

Aliposimama, alisikia baba yake akiita.

Sebule ilikuwa imejaa. Upande wa dirisha waliketi wazee wa Embu, na mbele yao Peninah, shangazi yake Gichovi, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alikuwa amejifunika shuka mbili.

"Huyu ndiye?" Peninah alisema. "Mwanangu, karibu. Sisi tunatoka kwa joto. Hapa kwenu Kibirichia mnaishi ndani ya friji, ndiyo maana mmehifadhika vizuri hivi."

Watu walicheka. Mzee Kiambi, baba yake Kaari, alisubiri kicheko kiishe.

"Mwari," alisema. "Wageni wameketi, tumezungumza. Nakuuliza mbele ya wote. Unawajua watu hawa?"

Gichovi alikuwa akiangalia mikono yake. Kaari aliona ukosi wa shati lake umelowa jasho, na moyo wake ukamwonea huruma, akauambia moyo usubiri.

"Baba, kabla sijajibu, naomba niulize."

"Haiko hivyo," Misheck alisema kutoka mlangoni. "Msichana huulizwa. Haulizi."

"Misheck," mzee alisema, "siku ukiolewa utafuata utaratibu wako. Uliza, mwari."

Kaari alimgeukia Gichovi. Alizungumza polepole, kama mtu anayeandika.

"Ninachojua ni hiki. Kuna mkutano wa watu wa viazi, tunakutana kwa simu, na wewe ndiye msimamizi. Ulijitengenezea jina la pili, jina la mwanamke, ukawa unajiuliza na kujijibu. Umenieleza sababu, na sababu hiyo naielewa. Mimi nilimwamini yule mwanamke nikamwandikia mambo ya moyo wangu, nawe ukayasoma. Nimejaribu kukasirika, na nimejaribu kuomba. Hasira ilinipa majibu mengi. Maombi yameniachia swali moja. Ulipousoma ujumbe ambao haukuwa wako, kwa nini ulinyamaza hadi leo nilipokushika?"

Wazee wa Embu walitazamana. Peninah alikuwa ameziachilia shuka zake.

Gichovi alisimama. "Nilitaka kuwasaidia watu ambao..."

"Hilo ni jibu la swali lingine," Kaari alisema.

Gichovi alimtazama Mzee Kiambi, kisha akamtazama Kaari, na safari hii hakukuwa na ule utulivu wa mtu mwenye siku nzima.

"Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa," alisema. "Niliwahi kumpenda mtu nikamwambia, akanicheka mbele ya rafiki zake. Tangu siku hiyo sikumfuata mwanamke yeyote. Nilipousoma ujumbe wako nilijua hutanicheka. Ndiyo nikapiga simu. Wewe ukaniita jasiri, ukawa unaniambia kila mara, na mimi nikapenda kuitwa hivyo. Ningekueleza, ungejua ule ujasiri ulikuwa wa wizi. Sina sababu nyingine. Hiyo ndiyo."

"Gichovi!" Peninah alisema. "Nimevaa viatu vinavyonibana kutoka Embu hadi huku, nije nisikie haya?"

Hakuna aliyecheka. Misheck alivuka mlango, akasimama ndani.

"Mzee, mimi nilisema," alianza.

"Ulisema ana mke kwingine," Mzee Kiambi alimjibu. "Haya ni mengine. Kaa." Akamgeukia binti yake. Sauti yake ilikuwa laini kuliko mara ya kwanza. "Mwari, lazima nikuulize tena. Unawajua watu hawa?"

Kaari alimtazama Gichovi. Aliogopa bado. Aliogopa kwamba mtu aliyeficha jina anaweza kuficha na vingine, na alijua hakuna sala ya siku moja itakayoitoa hofu hiyo. Lakini jibu alilolisikia halikuwa zuri, na kwa kuwa halikuwa zuri aliliamini.

"Baba, huyu nilidhani namjua, kumbe nilikuwa namjua nusu. Nimeanza kumjua sasa hivi, hapa, mbele yenu. Wageni wapewe chai na chakula washibe. Lakini uji nisiwamiminie kabla wale wengine hawajaambiwa."

"Wengine gani?"

"Wale wa jukwaani. Sikumwamini Mukami peke yangu. Wako watu huko, baba, hata leo wanangoja arudi awaambie dawa ilifanya nini. Amewadanganya mbele ya watu, awaambie mbele ya watu, kwa jina lake."

"Watamtoa usimamizi," Misheck alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kupendezwa.

"Watanitoa," Gichovi alisema. "Pengine hata uanachama. Sheria niliiandika kali." Alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Aliiinua juu, akaishusha, akaizungusha upande wa dirisha. "Mtandao wenu unashika wapi?"

Mzee Kiambi alimtazama Misheck. Misheck aliangalia dari, akaangalia viatu vyake.

"Humu ndani haushiki," alisema mwishowe. "Ni pale kwa tangi. Nitakupeleka. Na nitasoma kabla hujatuma, usije ukatuandikia hadithi."

Walitoka wakiongozana, mmoja akiwa na suti, mwingine na gambuti. Maxine alikimbilia dirishani bila aibu, na Peninah, shuka zake zikiburuta, akamfuata.

"Anaandika," Maxine alitangaza. "Misheck anasoma. Misheck anatikisa kichwa."

"Anakataa nini tena?" Peninah aliuliza.

"Anamwonyesha kidole kwa simu. Naona anamwambia aanze upya."

"Mwache aanze upya," Peninah alisema. "Kijana huyu kufupisha mambo ndiko kulikomponza."

Kaari hakwenda dirishani. Alisimama palepale katikati ya sebule, akisikiliza, mikono yake imeshikana kama mtu aliye katika ibada. Mama yake alipita kando yake na sinia, akasimama, akamwuliza kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie:

"Nitoe vikombe vya uji, au vya chai peke yake?"

"Vya uji vioshe, mama," Kaari alisema. "Lakini usivilete bado."